Sura ya Saba: Mguu Mmoja, Pedeli Mbili

Ipo filamu fupi ya Ayrton Senna, iliyopigwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika uwanja wa Suzuka, Japani, ambayo wapenzi wa mbio za magari wameitazama mpaka wameikariri. Mbrazili huyo anaendesha Honda NSX, gari ambalo mwenye fedha angeweza kulinunua dukani. Hana buti za mashindano. Amevaa viatu vya kawaida vya kuchomeka mguu na soksi nyeupe, kama mtu aliyepita tu kusalimia. Kamera moja imeelekezwa miguuni. Anayeitazama kwa mara ya kwanza huona vurugu tupu: mguu wa kushoto unaruka kwenye klachi, wa kulia unatikisika, injini inapiga kelele. Ukiirudia, achana na kelele na uutazame unyayo wa kulia tangu anapoanza kufunga breki hadi anapoingia kwenye kona. Unyayo haubanduki kwenye breki. Ukingo wake wa nje unaigonga pedeli ya mafuta na kurudi, unagonga tena, na wakati wote huo breki imekanyagwa.

Sura hii yote inahusu mguu huo. Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili tusipotezeane muda: kupiga resi wakati wa kushusha gia ni kazi ya kuihudumia breki. Hakulifanyi gari liende kasi zaidi kwenye barabara iliyonyooka, wala hakusaidii chochote gari lisiposumbuliwa na mabadiliko ya gia. Wengi hujifunza jambo hili kwa sababu ya mlio wake mtamu, na ndiyo maana wengi hulifanya vibaya kwa miaka mingi bila kujua.

Tuanze na hesabu, kwa sababu bila hesabu hapa tunapiga ramli. Chukua Mazda MX-5 ya kwanza kabisa, ile iliyooneshwa kwenye maonesho ya magari ya Chicago mwaka 1989, yenye injini ya lita 1.6 na gia tano. Ni gari dogo, jepesi, linalosukumwa na matairi ya nyuma, na limewafundisha mbio watu wengi. Uwiano wa gia zake ni huu: ya kwanza 3.136, ya pili 1.888, ya tatu 1.330, ya nne 1.000 na ya tano 0.814. Gia ya nne kuwa moja kamili kunaturahisishia mambo. Injini ikizunguka mara 4,000 kwa dakika ukiwa gia ya nne, ukihamia ya tatu kwa mwendo uleule lazima izunguke mara 5,320. Ukihamia ya pili ni zaidi ya 7,500, na huko umeshapita mstari mwekundu.

Sasa liweke gari hilo uwanjani. Unafika mwisho wa barabara iliyonyooka ukiwa gia ya nne, mshale uko 6,000, mwendo ni kama kilomita 150 kwa saa. Kona iliyo mbele inataka kilomita 70 na gia ya pili. Ukiwa na lami nzuri na matairi yenye mshiko, breki itakula mwendo huo kwa sekunde mbili na ushee tu. Ndani ya sekunde hizo unatakiwa kushusha gia mara mbili. Ukishusha kwenda ya tatu ukiwa na kilomita 110, mshale unatakiwa kupanda kutoka 4,350 hadi 5,800. Ukishusha kwenda ya pili ukiwa na kilomita 80, unatoka 4,200 hadi karibu 5,950. Kati ya gia na gia una sekunde moja hivi.

Nani ataupandisha mshale huo? Kuna wawili tu wanaoweza: mguu wako au matairi ya nyuma. Ukikanyaga klachi, ukaingiza gia, kisha ukaachia klachi bila kugusa mafuta, injini itakuwa imeshaporomoka wakati ukihangaika na liva. Klachi inaposhika, matairi ndiyo yanayolazimika kuiburuta injini iliyolala mpaka ifike karibu 6,000. Kazi hiyo inaongeza breki kwenye ekseli ya nyuma peke yake, kwa ghafla, na bila wewe kuipima.

Kibaya zaidi ni saa inapotokea. Ukifunga breki kwa nguvu, uzito wa gari unahamia mbele. Pua inazama, mkia unakuwa mwepesi. Mshiko wa tairi ni kama mshahara: ni mmoja, na unagawanywa kati ya kusimama, kukata kona na kusukuma gari mbele. Tairi la nyuma wakati huo limelipwa kidogo sana, na karibu zote zimeshakwenda kwenye breki. Wewe unalidai tena liiamshe injini. Linafunga, linateleza, mkia unaanza kuitangulia pua. Kwenye gari linalovutwa na matairi ya mbele mkia unaweza kutulia, lakini matairi ya mbele ndiyo yanayozidiwa, na gari linakataa kukata kona. Mifumo ya kisasa ya kuzuia matairi kufunga husaidia kidogo, ila kompyuta inapolegeza breki kuokoa tairi, wewe unasogea mbele mita ambazo hukuzipanga.

Utaratibu wenyewe ni rahisi kuusimulia. Kanyaga breki kwanza, kwa nguvu, tena ya maana; usianze kuwaza gia. Mwendo ukishashuka, kanyaga klachi. Mkono unaipeleka liva, na hapohapo ukingo wa nje wa mguu wa kulia unaigonga pedeli ya mafuta mara moja, kwa mkato. Mshale unaruka. Kabla haujaanza kuanguka, achia klachi. Breki haijalegea hata chembe. Ndipo unageuza usukani.

Kuhusu mguu ukae vipi, watu hubishana bure. Wapo wanaoweka nyama ya chini ya vidole kwenye breki na kupindisha kifundo ili kisigino kigonge mafuta. Hilo linafaa kwenye magari ambayo pedeli ya mafuta ni ndefu na imejengwa kutoka sakafuni. Kwa magari mengi tunayoyaendesha, njia nyepesi ni kuweka nusu ya kushoto ya unyayo kwenye breki, kisha kuulaza mguu upande wa kulia. Mwenye mguu mpana ana bahati. Mwenye mguu mwembamba atahitaji fundi wa kumwongezea kibati kwenye pedeli ya mafuta, na hilo halina aibu yoyote. Magari ya mbio hurekebishwa hivyo kila siku.

Kitu ambacho vitabu vingi vinapita haraka ni kimo cha pedeli. Gari linapotembea taratibu mjini unagusa breki kidogo tu, kwa hiyo pedeli yake imebaki juu na ya mafuta iko chini kabisa. Mguu haufiki. Ukijaribu utajipinda kifundo na kuhisi kwamba huna kipaji. Uwanjani, breki ikishakanyagwa kwa nguvu inazama mpaka kukaribia usawa wa pedeli ya mafuta, na ghafla kazi iliyoshindikana mjini inawezekana. Ndiyo maana nasema usijifunze yote mawili kwa pamoja barabarani. Barabarani, kwa mwendo halali, jifunze kupiga resi tu: shusha kutoka ya nne kwenda ya tatu bila kugusa breki, gonga mafuta, achia klachi, usikilize kama gari limeshtuka. Breki utaiongeza siku utakapokuwa kwenye uwanja uliofungwa, mbali na bodaboda na watoto wa shule.

Chunguza pia kama gari lako linakuruhusu. Magari mengi ya sasa hayana waya wa mafuta wa kuvutwa. Pedeli inatuma ujumbe kwa kompyuta, na kompyuta inaamua. Baadhi ya kompyuta hizo, zikiona breki na mafuta vimekanyagwa kwa pamoja, hukata mafuta kwa ajili ya usalama. Dereva anagonga mguu mpaka unauma na mshale hausogei, anadhani kosa ni lake. Nyingine zinatii lakini kwa kuchelewa kidogo, na hizo zinataka ugonge mapema kuliko ulivyozoea. Uzito wa flaiwili nao una neno: nyepesi hupanda upesi na kuanguka upesi, nzito huchelewa kupanda lakini inakusubiri.

Kipimo bora cha kazi yako ni kichwa cha abiria aliyekaa kushoto kwako. Breki ikiwa imekanyagwa, kichwa chake kimeshaelemea mbele na kukaa hapo. Ukiachia klachi kikatupwa mbele zaidi, resi haikutosha. Kikirudishwa nyuma, umezidisha. Kikirudi nyuma kabla hujaachia klachi, hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote: ulipoulaza mguu ugonge mafuta, uliilegeza breki. Umetengeneza mlio mzuri na umeongeza mita za kusimama. Ningependa dereva anayeshusha gia kwa mshtuko mdogo huku breki yake imetulia, kuliko yule ambaye mshale wake unapatia kila mara na breki inapanda na kushuka.

Kuna wanaoficha udhaifu wao kwa kuachia klachi polepole, ili diski iteleze na kumeza tofauti. Mshtuko unapungua kweli. Lakini klachi inaungua, na matairi bado yanafanya kazi ileile ya kuiburuta injini, ila kwa muda mrefu zaidi. Wapo pia wanaoshusha gia mapema kusudi injini isaidie kufunga breki. Hili lilikuwa na maana enzi za breki za ngoma zilizokuwa zikichemka na kuishiwa nguvu, na bado lina maana kubwa kwa lori lililojaa linaloshuka mlima. Kwa gari la mbio lenye diski nzima, breki zinaweza kufunga matairi yote manne peke yake. Injini haina cha kuongeza. Na ukishusha kwenda gia ya tatu mwanzoni kabisa mwa ile breki yetu ya kilomita 150, mshale unadai kufika karibu 8,000. Pedi za breki ni vitu vya kununua na kutupa. Injini haina bei hiyo.

Hapo tunaingia kwenye ajali ya kimyakimya inayoua injini nyingi uwanjani. Vifaa vinavyozuia injini isivuke mstari mwekundu hufanya kazi kwa kukata mafuta au moto. Vinamzuia dereva aliyekanyaga mafuta kupita kiasi. Haviwezi kuyazuia matairi. Tuseme uko gia ya tano, mshale uko 5,000, unataka kushuka hadi ya nne, mkono ukaenda mbali zaidi ukaingia ya pili. Piga hesabu ya MX-5 yetu: 1.888 gawanya kwa 0.814, zidisha kwa 5,000. Injini inadaiwa mizunguko 11,600 hivi. Springi za valvu haziwezi kuzifunga valvu kwa kasi hiyo. Zinachelewa kurudi, na kwenye injini nyingi pistoni inazikuta njiani. Kosa jingine hutokea wakati wa kupandisha: umetoka ya nne ukiwa 6,500, unaitaka ya tano, liva ikapanda moja kwa moja hadi ya tatu. Hiyo ni zaidi ya 8,600.

Sisi tunaoendesha tukikaa kulia tuna namna yetu ya kukosea. Liva tunaishika kwa mkono wa kushoto. Gia ya kwanza na ya pili ziko upande wa abiria, ya tano iko upande wa mwili wetu. Kushuka kutoka ya tano ni kuusukuma mkono kuelekea kwa abiria, na mkono ulioshikwa na hofu unasukuma kupita kiasi. Dawa yake ni kuacha kusukuma. Giaboksi nyingi zina springi inayoirudisha liva katikati, penye ya tatu na ya nne. Itoe kwenye ya tano, legeza kiganja, springi itaipeleka mahali pake, kisha vuta nyuma. Liva hushikwa kwa vidole vilivyolegea. Anayeikaba kama mpini wa jembe, siku moja atalipa.

Vipi kuhusu kuruka gia, kutoka ya tano hadi ya pili kwa mara moja? Inakubalika, na wengine huona inaupunguzia mguu kazi. Ubaya wake ni kwamba pengo la mizunguko ni kubwa, resi inatakiwa kuwa ndefu, na ukilazimika kuachana na breki katikati, mathalani aliye mbele yako amezunguka na unataka kumkwepa, utajikuta huna gia yoyote inayofaa. Mimi hupendelea kuzipita moja baada ya nyingine.

Kupiga klachi mara mbili ni somo la zamani zaidi. Kabla ya mwaka 1928, Cadillac walipoanza kuuza magari yenye sinkromeshi, dereva ndiye aliyekuwa akisawazisha meno ya gia kwa mguu na sikio. Alikanyaga klachi, akatoa gia, akaweka frii, akaachia klachi, akapiga resi ili shafti za ndani ya giaboksi zipate kasi, akakanyaga tena klachi na kuingiza gia ya chini. Bila hivyo, meno yalisaga. Leo pete ndogo za shaba hufanya usawazishaji huo, na kwa gari zima la mbio huna sababu ya kuhangaika, isipokuwa kama pete zimechoka au giaboksi ni ya kale. Ukitaka kumwona bingwa wa kazi hii, usiende Suzuka. Malori ya Kimarekani ya mitumba yanayopakia bandarini Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo, mengi yana giaboksi za Eaton Fuller zisizo na sinkromeshi. Dereva anayepanda mlima Kitonga na mzigo anashusha gia kwa sikio, na akikosea gari linabaki frii mlimani. Hajawahi kuambiwa kwamba anachokifanya ni mbinu ya mbio.

Mguu wa kushoto nao una elimu yake. Katika miaka ya 1960, Rauno Aaltonen wa Ufini alikuwa miongoni mwa waliolifanya gari dogo la Mini Cooper litishe kwa kufunga breki kwa mguu wa kushoto huku wa kulia ukiendelea kukanyaga mafuta. Mini inavutwa na matairi ya mbele. Nguvu ya injini inayashinda makali ya breki za mbele, lakini matairi ya nyuma hayana wa kuyatetea; yanapunguza mwendo, mkia unalegea, gari linageuka. Kwa njia hiyo alishinda rali ya Monte Carlo mwaka 1967. Safari Rally alikuja tena na tena, akamaliza wa pili mara kadhaa, na hakuishinda hata mara moja. Baadaye, magari ya turbo yalipoingia, dereva wa rali Walter Röhrl na wenzake walitumia mguu huohuo ili kuiweka injini juu wakati breki inafanya kazi, turbo isipate usingizi.

Kwa gari la klachi, mguu huo unafaa tu pale ambapo hakuna gia ya kubadilisha. Ukihitaji klachi, hauwezi kuwa sehemu mbili. Na ukiujaribu kwa mara ya kwanza, nenda taratibu sana: mguu wa kushoto umezoea kukanyaga klachi mpaka chini, na utaikanyaga breki vivyo hivyo. Funga mkanda kwanza.

Kuingia kwenye kona huku breki ikilegezwa pole kwa pole ni sura ya peke yake, nami nitaifikia. Hapa itoshe kusema kwamba anayeitaka mbinu hiyo lazima awe amemaliza habari za gia kabla ya kugeuza usukani. Klachi inayoachiwa kwa mshtuko gari likiwa limenyooka inakuaibisha mbele ya abiria. Ikiachiwa hivyo gari likiwa limelala upande mmoja, inakutoa nje ya uwanja.

Kwenye ngazi ya juu kabisa mambo haya yalianza kuondoka mwaka 1989, uleule wa MX-5 yetu. Mwezi Machi, jijini Rio de Janeiro, Nigel Mansell alishinda mbio za kwanza za Ferrari 640, gari lililokuwa likibadilishwa gia kwa vibonyezo vya nyuma ya usukani. Miaka michache baadaye, karibu timu zote za Formula 1 zilikuwa zimefuata njia hiyo. Kisha kompyuta ikayafikia hata magari ya klachi ya kawaida: Nissan 370Z ya toleo la 2009 ilikuja na mfumo unaosoma liva inakoelekea na kupiga resi yenyewe, kwa usahihi ambao wachache wetu tutaufikia. Wengine wakaiga, na hata Toyota GR Yaris ya gia za mkono unaweza kuipata na mfumo wa aina hiyo.

Ukiwa na gari la namna hiyo, ushauri wangu ni uuzime mfumo siku za mazoezi na uuwashe siku ya mashindano. Mfumo unajua kupandisha mshale. Haujui ni mita ngapi zimebaki kabla ya kona, wala hautakuzuia kuingiza gia ya pili ukiwa na mwendo wa gia ya nne. Na kama huna mfumo huo, na katikati ya breki nzito mguu ukakosa pedeli ya mafuta, usiutafute. Kaa na breki, subiri mwendo ushuke, ingiza gia polepole mlangoni mwa kona. Utapoteza sehemu ndogo ya sekunde, na mzunguko unaofuata utakuwa bado uko uwanjani.